Taa ya Dainamo na Njia ya Dabani

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni kulalamika. Nikitumwa maji, ndoo nzito. Nikipewa uji, uji wa moto. Nikiambiwa nimbebe mdogo wangu, mgongo unauma. Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Kukhu, alisema siku nitakayokufa malaika watanirudisha duniani ili na wao wapumzike. Nalitaja hili mapema kwa sababu bila mdomo wangu huo nisingekuwa na la kusimulia, ingawa ilinichukua karibu miaka ishirini kulijua.

Tulikaa Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpakani, katika nyumba ya mabati aliyoijenga babu mzaa mama. Babu alikuwa mfanyabiashara wa ngozi, Mwislamu aliyetoka mbali, akamwoa Kukhu kutoka Dabani na akafia hapo hapo Busia. Ilikuwa miaka ya sabini, wakati wa serikali ya wanajeshi. Baba alikuwa dereva wa lori, na mwaka ule alikuwa ng'ambo ya pili, Kenya, hakuthubutu kuvuka, maana wanajeshi fulani walikuwa wamelipenda lile lori kuliko alivyolipenda yeye mwenyewe. Mama, jina lake Hawa, alikuwa mkunga. Asubuhi alifanya kazi zahanati, na baada ya hapo alikwenda kokote alikoitwa kwa baiskeli ya baba, ile kubwa nyeusi yenye bomba la katikati, amevaa suruali ya baba chini ya gauni na leso kiunoni. Walikuwepo wanaume waliogeuza uso walipomwona mwanamke juu ya baiskeli ya namna ile. Mama hakuwahi kupunguza mwendo kwa ajili ya uso wa mtu.

Baiskeli haikuwa na taa. Kiangazi alijua njia kwa mazoea, na penye mwezi hakuhitaji kitu. Lakini masika ya mwaka ule aliitwa Dabani jioni moja ya mawingu, akaenda akiisukuma baiskeli kwa kupapasa, akatumbukia katika mtaro wa daraja, akapoteza njia, akafika alfajiri. Alikuta watu wameshaanza kulia. Mzazi na mtoto, wote wawili wamekufa. Aliporudi nyumbani alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Aliketi jikoni, akavua viatu, akavitazama.

"Nitanunua taa," alisema.

Na mimi siku ile, kwa mara moja katika utoto wangu, sikuwa na la kulalamikia.

Sasa, kununua taa wakati ule haikuwa kuingia dukani na kunyoosha kidole. Mama alipima kila namna ya taa mchana na usiku, anakanda unga huku anapima. Tochi ya kufunga kwenye usukani ilikuwa na mwanga mzuri, lakini ilikula mawe, yaani betri, na mawe ya tochi yalipatikana Kenya tu. Ukivuka nayo, askari wa kizuizini walikuwa wakiyachukua kwa ajili ya redio zao, na ukibahatika wanakuachia tochi tupu. Taa ya chemni ilitaka mafuta, na mafuta ya taa tulikuwa tukiyafuata kwa foleni na chupa mkononi, mara nyingi tunarudi na chupa vile vile. Tena upepo ulikuwa unaizima. Ikabaki dainamo, ile chupa ndogo ya chuma inayosugua tairi na kupeleka umeme kwenye taa ya mbele. Tuliambiwa zipo Tororo.

Tulikwenda, mimi na yeye, juu ya lori la mtama, na niliulalamikia mtama njia nzima. Duka lilikuwa la Mhindi zamani. Wahindi walipofukuzwa, alipewa mtu mmoja mnene mpole aliyekuwa na shemeji jeshini, naye alikuwa akiuza matandiko ya baiskeli na viatu vya kike juu ya meza moja. Sidhani kama alijua kipi ni kipi.

"Mama, chukua hii tochi," alisema. "Hii nawaka mpaka Mbale."

"Inakula mawe mangapi?"

"Mbili tu."

"Mawe unayo?"

"Mawe hakuna."

Mama akairudisha mezani. Akaonyesha dainamo iliyokuwa imelala katikati ya viatu.

Yule bwana akakuna shingo. Alikuwa mwaminifu, namkumbuka kwa hilo. "Mimi siwezi danganya wewe. Hiyo iko na shida. Wewe napanda mlima, mwanga nakuwa kidogo. Wewe nasimama, yeye nazima."

"Inazima mara moja?"

"Mara moja. Giza tupu."

"Na nikiiinua kutoka kwenye tairi, nikiwa mbioni?"

"Hata mbioni. Giza. Ndiyo nakwambia, chukua tochi."

Mama akatabasamu. Hakuwa ametabasamu tangu ile safari ya tope. "Nifungie hiyo," akasema.

Njiani kurudi aliipakata kama mtoto mchanga, akaniambia jambo ambalo bado nalisikia. "Hii haimtegemei mtu, Zaina. Haina mafuta, haina mawe, haina foleni. Inataka magoti yangu tu, na magoti ninayo."

Tulipofika nyumbani aliifunga mwenyewe, na jioni akaizungusha baiskeli uani ili Kukhu aione. Mwanga ukawa mkali alipokaza, ukafifia alipokata kona, ukawa mkali tena, ukazima aliposhuka. Mimi nilipiga makofi. Kukhu aliziba mdomo kwa kiganja.

"Hawa," alisema, "umenunua moto wa wakimbiaji."

Asiyetoka kwetu hatajua alichomaanisha, basi nieleze. Wakimbiaji wa usiku ni watu kama mimi na wewe. Mchana wanalima, wanakusalimu, wanakuuliza habari za wagonjwa. Usiku kitu kinawapanda kichwani, wanavua nguo na kukimbia katika viwanja vya watu. Wanarusha mchanga juu ya bati, wanajisugua mlangoni, na mkononi wana moto unaowaka na kufifia, unawaka na kufifia, unapanda na kushuka njiani bila mtu kuonekana nyuma yake. Hawasemi. Ukiwasikia mlangoni, hufungui, hujibu, huwashi taa, unamziba mtoto mdomo na kungoja. Kukhu alizaliwa Dabani na alikuwa amewaona, au amemwona aliyewaona. Siku hizi nikiwasimulia wajukuu wanacheka. Mimi sicheki sana.

"Watu wa kwetu wakiona huo mwanga unakuja, hawatakufungulia," Kukhu alisema. "Hata kama mtu anakufa ndani. Nakwambia mapema."

"Watafungua, mama."

"Hawatafungua. Na wewe una kichwa kigumu, kwa hiyo sikiliza hili tu. Ukifika, moto wako usimame mahali pamoja. Wa wale hausimami. Na mtoto umwache nyumbani."

"Zaina ndiye nitakayekwenda naye," mama alisema.

Nilianza hapo hapo. Nani atalala na mdogo wangu, njia ni mbali, karia haina mto, kesho kuna shule. Kukhu akatikisa kichwa. "Unamchukua huyu kweli? Mdomo wake utaamsha makaburi."

"Najua," mama akajibu, akanitazama kidogo, kisha akaendelea kukaza nati.

Hatukungoja sana. Siku chache baadaye mama mmoja muuza viazi alipita kwetu alasiri, akaacha habari kwamba mkwe wa Mzee Wandera wa Dabani ameshikwa na uchungu tangu asubuhi, na mtoto amekaa vibaya. Mama hakuwepo, alikuwa akizalisha mtaa wa pili. Alirudi magharibi. Alisali, akala amesimama, akafunga mfuko wake kwenye usukani.

"Panda," akaniambia.

Nikapanda kwenye karia, nimekaa upande, mikono kiunoni kwake. Giza lilikuwa limeshaingia na mawingu yameziba. Dainamo ikaanza kuimba kwenye tairi, na mbele yetu kikatokea kiduara cha njia, chekundu, na majani pembeni. Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Nyumba zote zilikuwa gizani, nchi yote kimya, na sisi tulikuwa na mwanga wetu ambao mama aliutengeneza kwa miguu. Penye mteremko ulikuwa mweupe. Penye mlima alihema na mwanga ukahema naye.

Na Kukhu alikuwa amesema kweli. Tulipopita karibu na nyumba nilisikia mlango ukibanwa, kisha mwingine. Mahali fulani mtoto alipiga kelele, kelele ikakatwa katikati. Nilielewa kwamba wanatukimbia sisi. Nilitaka kuwaambia kwamba ni mimi tu, Zaina, na kwamba makalio yananiuma.

Bondeni, kabla ya kupanda kwenda Dabani, tuliona mwanga mwingine, mkubwa, ukigeuka kutoka barabara kuu. Mama aliinamisha mkono, akaiinua dainamo kutoka kwenye tairi, giza likatuangukia. Akaiburuta baiskeli kwenye shamba la mihogo, akanilaza chini, akaniwekea kiganja mdomoni. Kilinuka sabuni ya zahanati. Gari lilipita polepole, watu wamesimama nyuma, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akizungumza. Tulikaa mpaka mlio ukapotea. Ndipo nikajua kwa nini alitabasamu dukani Tororo.

Nitaje pia kwamba hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyoninyamazisha usiku ule. Wakati ule watoto wote tulikuwa tukinyamazishwa. Kunyamazishwa kulikuwa sehemu ya malezi, pamoja na kunawa mikono.

Kwa Mzee Wandera palikuwa na nyumba mbili zinazotazamana, zote giza, milango imebanwa. Tulipoingia uani nilisikia mlio kutoka nyumba ya kushoto, mlio wa mtu anayeumia sana, kisha ukazimwa, kama mtu amewekewa nguo mdomoni. Mama akashuka. Taa ikazima.

"Hodi! Mimi Hawa, mkunga. Mama Zaina, wa zahanati."

Kimya. Akarudia kwa Kisamia, lugha ya watu wa Dabani, akataja jina la Kukhu na ukoo wa Kukhu. Kimya. Akagonga. Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta, na ndani nikasikia sauti ya mtoto mdogo ikinong'ona, "Nyanya, ni nani?" Na sauti ya mwanamke mzima ikijibu, "Shh. Ni mkimbiaji wa usiku."

Mama alisimama na kiganja juu ya ule mlango. Ndani ule mlio ulitoka tena, mfupi zaidi. Nilimjua mama yangu. Nilijua anakumbuka viatu vyenye tope, na nilijua hataondoka hapo. Hata kama angekaa mpaka jua litoke na watu wa Dabani wote waje kumpiga mawe, asingeondoka.

Alirudi kwenye baiskeli, akaipandisha kwenye stendi, ile kubwa inayoinua gurudumu la nyuma. Akairudisha dainamo kwenye tairi.

"Zungusha pedali kwa mkono," akaniambia. "Mwanga usimame. Usiache."

Nikazungusha. Taa ikawaka, ikaangaza mlango na ukuta wa udongo, mtungi na jogoo mmoja aliyepotea. Haikupanda wala kushuka. Moto wetu ulikuwa umesimama, kama Kukhu alivyoagiza, na nilingoja mlango ufunguke.

Haukufunguka. Nikazungusha. Bega likaanza kuwaka.

"Mama, mkono unauma."

"Zungusha."

"Mama, kuna mbu."

"Zungusha, Zaina."

"Kukhu alisema nibaki nyumbani. Nilisema mimi, nilisema njia ni mbali. Mama, nataka kukojoa. Hawa watu wako ndani, nimewasikia, mbona hawafungui? Tumetoka Busia mpaka huku, mimi sijala hata..."

"Umekula."

"Nimekula mihogo tu! Kila siku mihogo! Na mkono umekufa, mama, siusikii, huu mkono umekufa!"

Nilikuwa nalia sasa, kwa sauti, kwa hasira, pua inanitoka, na bado nazungusha kwa sababu nilimwogopa mama kuliko wakimbiaji wote wa Dabani. Hakuniambia ninyamaze. Hakugeuka hata kidogo. Ndipo sauti ya mwanamume ikatoka katika nyumba ya pili, ile ya kulia, sauti nzito ya mtu mzima.

"Mama Barasa. Fungulia watu."

Yule nyanya wa ndani akamtii mumewe, komeo likaanguka. Mama alikuwa ameshaingia kabla mlango haujamaliza kufunguka.

Ndani walikuwa na koroboi moja iliyobakiza mafuta ya kulowesha utambi tu. Mama aliitazama mara moja, akasema baiskeli iletwe. Tuliiweka kizingitini, gurudumu la mbele ndani na la nyuma nje, taa ikimwangazia yule mama mzazi, Nabwire, msichana ambaye hakunizidi miaka mingi. Nilizungusha kwa mkono wa kulia, nikabadilisha wa kushoto, kisha mikono yote miwili ikakataa. Taa ikafifia.

"Mwanga!" mama akaita.

Mzee Wandera akatoka nyumbani kwake. Yule aliyelala pale ndani alikuwa mke wa mwanawe, na kwa desturi ya kwao hata kusimama karibu na mlango ule ilikuwa makosa makubwa. Basi alikuja kinyumenyume. Namwona mpaka leo, mzee mrefu mwenye koti, anarudi nyuma hatua kwa hatua katika uwanja wake mwenyewe, anapapasa kwa mkono mpaka akaikuta pedali. Akavuta kigoda kwa mguu, akaketi mgongo mlangoni, uso kwenye migomba, na akazungusha.

Alizungusha vizuri kuliko mimi. Mwanga haukutikisika.

"Usipungue, mzee," mama alisema kutoka ndani.

"Haupungui."

Hakuuliza kinachoendelea na hakugeuka, hata Nabwire alipolia kwa namna iliyonifanya nizibe masikio. Nilikaa karibu naye chini, nikaona jasho linamtiririka kwenye shavu, na midomo inakwenda bila sauti. Sijui alisali kwa nani. Kisha mtoto akalia, kilio chembamba cha hasira ambacho nilikielewa kabisa. Mama alimwambia mara mbili kwamba sasa inatosha kabla hajaiachia ile pedali.

Kwa miaka mingi habari hiyo ilisimuliwa kwetu kwa namna moja. Kukhu aliisimulia kama ushindi wake. Alisema watu wa Dabani hawatafungua, hawakufungua. Alisema moto usimame, uliposimama wakafungua. Alikufa akiamini hivyo, na mimi niliamini naye. Nilipofungua duka langu la vipuri vya baiskeli hapa Busia, dainamo ndicho kitu cha kwanza nilichokitundika ukutani.

Kisha siku moja, wanajeshi wakiwa wameshakwenda zao zamani, Mzee Wandera aliingia dukani kutafuta mpira wa ndani kwa baiskeli ya mjukuu. Alikuwa ameinama sana, lakini nilimjua kwa sauti. Mjukuu mwenyewe alikuwa nje, kijana mrefu mwenye ndevu za kwanza, na nilipojua ni yule wa usiku ule nilitoka nikampa mkono, akashangaa. Nilimwekea mzee kiti na chai. Nikamtania kwamba alitufungia mlango akidhani sisi ni wakimbiaji wa usiku.

Akatua kikombe.

"Mwanangu, mkimbiaji iko na cheni?" akaniuliza. "Sisi nasikia cheni nalia, nasikia kengele nagonga kwa mawe. Sisi najua ni baiskeli."

"Sasa mbona hamkufungua?"

Akatazama mlangoni kwanza, kama watu wa umri wake wanavyofanya mpaka leo kabla ya kutaja mambo ya wakati ule. Mwanawe Barasa, baba wa mtoto, alikuwa akitafutwa na wanajeshi. Walikuja mara mbili kumwulizia, naye alikuwa akilala ng'ambo, Kenya. Na katika kijiji cha jirani walikuwa wamekwenda kwa mtu mwingine na jirani yake mbele, wamemwambia abishe hodi na ataje jina. Yule mtu alisikia sauti ya jirani, akafungua. Basi tangu hapo jina halikuwa kitu. Hata Hawa mkunga, nani alijua nani amesimama nyuma yake gizani?

"Na watoto naye nauliza, nyanya, ni nani," mzee alisema. "Wewe utamwambia nini? Ukimwambia ukweli, kesho atasema shuleni. Sisi nasema mkimbiaji. Hiyo hata mtoto akisema, hakuna mutu nakamatwa."

Nilikaa nikiwa na mpira wa baiskeli mkononi. "Na taa? Ile taa iliposimama?"

"Taa? Hata wale iko na taa." Akaanza kucheka, akacheka mpaka kifua kikamshika. "Ni wewe. Wewe nalia ati nimekula mihogo tu. Mimi nakaa pale kwa kitanda nasema, Wandera, hawa siyo wale. Wale hawezi tembea na mtoto ya namna hii. Wangekuwa wamemtupa njiani."

Jioni nilifunga duka mapema, nikaenda kwa mama. Alikuwa ameshastaafu, anachambua maharage barazani, magoti yake yale yamevimba. Nilimweleza yote kwa pupa, kwamba walijua, kwamba hawakuwa wakiogopa wakimbiaji, kwamba dainamo haikufanya kitu, kwamba ni mimi. Nilidhani nimemletea habari.

Aliendelea kuchambua. "Nilijua wanaogopa nini," akasema. "Dabani nzima ilikuwa inawaogopa hao hao. Unadhani nilikuchukua ushike taa?"

Ilinichukua muda kulielewa hilo. Alikuwa amenichukua kwa ajili ya mdomo wangu. Tangu Kukhu alipomwambia hawatafungua, yeye alikuwa ameshajua kitakachofungua, na alikuwa akikaza nati. Nilikasirika, nisifiche. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na gari lile lilipita karibu nasi kiasi cha kusikia harufu ya watu waliokuwemo. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Ningelia tangu mwanzo, mara tu tulipofika, na Nabwire asingeteseka muda wote ule.

Mama akatoa jiwe katika maharage, akalitupa uani.

"Ungejua," alisema, "usingelalamika vizuri."

Nilikwenda nyumbani bila kuaga, na kwa siku mbili sikurudi. Siku ya tatu nilirudi nikamkanda magoti, maana hasira ilikuwa imekwisha na kilichobaki hakikuwa na jina jepesi. Aliniweka hatarini na hilo sitalipunguza. Lakini alikuwa amefika alfajiri mara moja, akakuta watu wanalia, na aliamua kwamba hataikuta alfajiri nyingine ya namna ile, kwa gharama ya chochote alichokuwa nacho. Alikuwa na magoti, na alikuwa na mimi. Sijui mpaka leo kama wakimbiaji wa usiku wapo. Ninachojua ni kwamba watu wetu walikuwa na hofu ya zamani waliyoweza kuitaja mbele ya watoto, wakaitumia kuifunika ile mpya, na mama yangu alizijua zote mbili.

Bado nauza taa. Siku hizi zipo za kila namna, nyingine za kuchaji kwa jua, nyingine zinawaka nyeupe mpaka zinaumiza macho, na mawe yapo tele. Mteja akija kuniuliza ipi inafaa njia ya Dabani gizani, nazitandaza zote mezani, namweleza uzuri na ubaya wa kila moja bila kumdanganya, kama yule bwana wa Tororo. Kisha namwuliza anakwenda na nani.